Saini za kielektroniki katika ujenzi wa halmashauri: zinachothibitisha na zisichoweza kuthibitisha

KUANZIA Oktoba 1, 2023, taasisi nunuzi za Tanzania Bara zilitakiwa kuachana na mfumo wa TANePS na kufanya ununuzi wao katika mfumo wa NeST, uliokuwa umeanza kutumika Julai mwaka huo chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 nayo ikaufanya utaratibu wa kielektroniki kuwa ndio wa kawaida katika matumizi ya fedha za umma.

Kwa halmashauri 184 za Tanzania Bara, pamoja na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulioanzishwa mwaka 2017 na ambao unasimamia mtandao wa barabara unaozidi kilometa 144,000, mabadiliko hayo ni rahisi kuyaeleza na magumu kuyatekeleza. Kalavati, mtaro, zahanati au chumba cha darasa sasa huombewa fedha, hutangazwa, hujengwa na hulipiwa kwa kumbukumbu ambazo hakuna anayezishika mkononi. Umeme ukikatika ofisini, kalavati lipo pale pale. Ushahidi wa nani aliidhinisha malipo yake, lini na kwa kiasi gani, umo ndani ya kompyuta.

Mabadiliko hayo yanagusa watu wa kawaida kuliko jina la mfumo linavyoashiria. Mkandarasi mdogo aliyekopa benki ili anunue saruji anategemea tarehe iliyoandikwa kwenye hati yake ya malipo. Mhandisi wa wilaya anaweza kujikuta mbele ya mkaguzi, au mbele ya hakimu, akiulizwa kuhusu saini iliyowekwa kwa jina lake siku ambayo alikuwa safarini.

Safari ya hati ya malipo

Mradi mdogo wa ujenzi huzalisha makaratasi mengi kuliko mtu wa nje anavyodhani. Huanza na makadirio ya mhandisi na mchanganuo wa kazi na bei, ambao mafundi na wakandarasi wote huuita BOQ. Hufuata tangazo la zabuni, ripoti ya tathmini, uamuzi wa bodi ya zabuni, barua ya kumjulisha mshindi, mkataba, dhamana ya benki, hati ya kukabidhiwa eneo la kazi, maelekezo ya mhandisi, matokeo ya maabara kuhusu udongo na zege, vipimo vya kazi iliyofanyika na hati ya malipo ya kila hatua. Mwishoni huja hati ya kukamilika kwa kazi, kisha ile ya kumalizika kwa kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho aghalabu huwa miezi 12. Kila moja ina mwenye kuisaini. Mkurugenzi wa halmashauri, akiwa ndiye afisa masuuli, hubeba dhamana ya zote, hata zile ambazo hakuziona zikiandaliwa.

Katika msafara huo mrefu, hati ya malipo ndiyo inayobishaniwa zaidi. Mikataba ya kazi ndogo ambayo halmashauri huitumia kwa kawaida humtaka mwajiri amlipe mkandarasi ndani ya siku 28 tangu tarehe ya hati iliyothibitishwa na meneja wa mradi, na akichelewa alipe riba. Kwa hiyo tarehe ni fedha. Katika karatasi tarehe ni kitu dhaifu sana. Hati inaweza kukaa mezani kwa wiki tatu bila tarehe, ikasubiri fedha ziingie, kisha ikaandikwa tarehe ya leo kana kwamba imeletwa asubuhi. Inaweza pia kurudishwa nyuma ili malipo yaonekane yamefanyika kabla ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30. Wote wawili, aliyecheleweshwa na aliyependelewa, hawana namna rahisi ya kuonyesha kilichotokea.

Tena majalada hupotea. Taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu serikali za mitaa zimekuwa zikirudia, mwaka baada ya mwaka, hoja ya malipo yaliyofanyika bila viambatisho vya kutosha. Ukurasa wa katikati wa BOQ hubadilishwa na pini zikarudishwa mahali pake. Mihuri nayo huchongwa mitaani mbele ya macho ya mteja, na anayeichonga haulizi sana. Anayeuona mfumo wa kompyuta kuwa ni hatari mpya iliyoletwa katika ofisi iliyokuwa salama, hajapata kukaa masijala akitafuta jalada la mwaka juzi.

Sheria ilivyofika hapa

Mahakama zilianza kukutana na swali hili kabla Bunge halijalitungia sheria. Katika shauri la kibiashara Na. 4 la mwaka 2000, kati ya Trust Bank Tanzania na Le-Marsh Enterprises na wenzake, Jaji Harold Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alitakiwa kuamua kama karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki zinaweza kupokewa kama vitabu vya benki. Alizikubali, kwa hoja kwamba sheria haiwezi kuyafumbia macho mabadiliko ya teknolojia. Uamuzi huo ulihusu benki, na ulibaki na mipaka yake. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2007 yaliupanua mlango, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ndiyo iliyoufungua wazi.

Sheria hiyo ya 2015 inasema mambo mawili yanayohusu moja kwa moja miradi ya ujenzi. Kwanza, kumbukumbu haiwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu kwamba ni ya kielektroniki. Pili, pale ambapo sheria inataka saini, sharti hilo hutimizwa na saini ya kielektroniki iliyo salama. Kifungu cha 7 kinaeleza usalama huo: saini iwe ya pekee kwa matumizi yake, iweze kumtambulisha aliyeiweka, iwe imewekwa na mwenyewe na kuwa chini ya udhibiti wake, na iungane na waraka kwa namna ambayo badiliko lolote litakalofanywa baadaye litajitokeza.

Zipo sheria nyingine zinazoizunguka. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 haikuifunga kumbukumbu kwenye karatasi. Iliitambua bila kujali umbo lake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kughushi kwa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka mamlaka ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Kenya ilizitambua saini za kielektroniki kwa marekebisho ya sheria yake ya mawasiliano yaliyoanza kutumika mwaka 2009, ikaongeza nguvu mwaka 2020. Rwanda ilitunga sheria yake mwaka 2010.

Picha ya saini si saini ya kidijitali

Kosa linaloonekana mara nyingi ofisini ni la kuchanganya vitu viwili. Ofisa husaini kwenye karatasi nyeupe, huipiga picha kwa mashine ya kuskani, kisha picha hiyo hubandikwa chini ya kila barua inayotumwa kwa barua pepe. Hiyo ni picha. Yeyote aliyepokea barua moja anaweza kuikata na kuibandika kwenye hati nyingine. Anaweza pia kubadilisha tarakimu zilizo juu yake na picha isitikisike. Ikipimwa kwa kifungu cha 7, inaanguka kwenye sharti la udhibiti na lile la kuonyesha mabadiliko.

Saini ya kidijitali ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi haionekani kwa macho. Msingi wake ni hisabati iliyotangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani mwaka 1976, na kupewa umbo la matumizi mwaka uliofuata na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Kila mwenye saini huwa na jozi ya funguo, ambazo kwa hakika ni namba kubwa mno. Mmoja ni wa siri na hautoki mikononi mwake. Mwingine ni wa wazi na hutolewa kwa kila mtu. Kinachofanywa na ufunguo wa siri huweza kuhakikiwa kwa ufunguo wa wazi, lakini aliye na ufunguo wa wazi hawezi kuukokotoa ule wa siri.

Mhandisi anaposaini hati ya malipo, kompyuta kwanza huusoma waraka wote na kuukamua hadi kubaki mfululizo mfupi wa tarakimu na herufi. Kwa kanuni inayotumika sana leo, SHA-256, mfululizo huo huwa na herufi na tarakimu 64, uwe waraka wa ukurasa mmoja au wa kurasa 300. Mfululizo huo ndio unaofungwa kwa ufunguo wa siri, na matokeo yake ndiyo saini. Mtu akibadilisha baadaye Sh48,000,000 kuwa Sh48,500,000, au akiongeza nukta moja kwenye jina la barabara, waraka ukikamuliwa tena hutoa mfululizo usiofanana hata kidogo na ule wa kwanza, na programu ya uhakiki hutangaza kwamba saini si halali. Haitaji ni nani aliyebadilisha wala kwa nini. Hueleza tu kwamba waraka uliopo si ule uliosainiwa.

Linabaki swali la kujua kwamba ufunguo wa wazi ni wa mhandisi fulani na si wa mtu aliyejipa jina lake. Hapo huingia cheti cha kidijitali, ambacho ni waraka mdogo unaotolewa na mtoa huduma anayeaminika baada ya kumhakiki mtu, ukiunganisha jina lake na ufunguo wake kwa muda maalumu. Cheti huweza kufutwa kabla ya muda huo, mathalani ofisa anapohamishwa au anapopoteza kifaa kilichobeba ufunguo. Katika serikali za mitaa, ambako uhamisho ni jambo la kila mara, kufuta vyeti kwa wakati ni kazi ya msingi. Mweka hazina aliyehamia wilaya nyingine hapaswi kuwa bado na uwezo wa kusaini malipo ya wilaya aliyoiacha.

Neno la siri la bosi

Sheria inapozungumzia saini iliyo chini ya udhibiti wa mwenyewe, hapo ndipo ofisi nyingi hujikwaa. Mkurugenzi ana vikao vya baraza la madiwani, ziara za viongozi wa kitaifa na safari za Dodoma. Hati za kuidhinisha zinajazana kwenye mfumo, na mradi hauwezi kusubiri. Njia rahisi ni kumpa katibu muhtasi au ofisa wa ununuzi neno la siri ili asukume kazi. Hufanyika kwa nia njema, na kwa kuaminiana, kama ilivyokuwa zamani kumwachia mtu muhuri na barua zilizosainiwa bila maandishi.

Tofauti ni kwamba katika karatasi mtu aliweza baadaye kumleta mtaalamu wa maandishi akaonyesha kuwa mwandiko si wake. Katika mfumo, alama iliyoachwa ni ya akaunti ya mkurugenzi, kwa saa, dakika na sekunde. Aliyetoa neno lake la siri anakuwa ameivunja kinga yake mwenyewe. Akisema kwamba hakuidhinisha, ataulizwa nani mwingine alikuwa nalo, na jibu la kweli litakuwa ni kukiri kosa. Kwa upande wa pili, wakili wa mkandarasi anayedai au wa mshitakiwa mwingine anaweza kuitumia tabia hiyo kutia shaka kila saini iliyotoka katika ofisi hiyo. Hapo hasara si ya mtu mmoja tena.

Dawa yake si kali. Mfumo unaoruhusu kukaimisha madaraka kwa jina la anayekaimu na kwa siku zinazojulikana huondoa sababu ya kukopeshana maneno ya siri. Anayekaimu husaini kama yeye, na kumbukumbu huonyesha hivyo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuufungua ukaimishaji huo kabla bosi hajapanda gari, na ni jambo la kusikitisha kwamba hatua hiyo ya dakika mbili ndiyo inayorukwa.

Somo la Korea Kusini

Rwanda ilianza mwaka 2016 kutumia mfumo wa ununuzi wa Umucyo, ambao wataalamu wa Korea Kusini walishiriki kuujenga. Kwa sababu hiyo yaliyowapata Wakorea wenyewe yana faida kwa Afrika Mashariki. Mfumo wao, KONEPS, ulianza mwaka 2002, na tangu mwanzo ulitegemea vyeti vya kidijitali kwa kila mzabuni.

Tatizo la kwanza lilikuwa lile lile la kukopeshana. Makampuni ya ujenzi yalipeana vyeti ili mtu mmoja aombe zabuni kwa majina kadhaa na kujiongezea nafasi ya kushinda. Saini zilikuwa sahihi kihisabati. Mtu aliyezibofya ndiye hakuwa mwenyewe. Mwaka 2010 Serikali ya nchi hiyo ilianzisha sharti la alama ya kidole katika kuomba zabuni, ili cheti kisifanye kazi bila mwenyewe kuwapo.

Tatizo la pili lilikuja wazi mwaka 2013, na lilihusu hasa kazi za ujenzi za serikali za mitaa. Waendesha mashitaka wa Seoul walifikisha mahakamani kundi la watu, wakiwamo wataalamu wa programu na watu wa makampuni ya ujenzi, kuhusiana na zabuni za halmashauri za mkoa wa Gyeongsang Kaskazini. Ili kuelewa walichofanya, ni lazima kujua jinsi bei ya ushindi ilivyopatikana. Mfumo ulitengeneza bei 15 za akiba zinazokaribiana. Kila mzabuni alichagua namba mbili bila kuona bei zilizojificha nyuma yake. Bei nne zilizochaguliwa zaidi ndizo zilizotafutiwa wastani, na aliyekuwa karibu zaidi na kiwango cha chini kilichokokotolewa kutokana na wastani huo ndiye aliyeshinda. Ni utaratibu uliobuniwa ili hata ofisa mwenyewe asiijue bei mapema.

Washitakiwa hawakuugusa mfumo mkuu. Walipandikiza programu hasidi kwenye kompyuta za maofisa wa fedha wa halmashauri na za wazabuni wengine. Kupitia kompyuta hizo bei za akiba zilijulikana na uchaguzi wa namba ukachezewa, kisha kampuni iliyoandaliwa ikaleta bei inayokaribia kabisa ile iliyotakiwa. Saini za kidijitali hazikuvunjwa, kwa kuwa hapakuwa na haja ya kuzivunja. Ofisa alisaini kwa ufunguo wake halali jambo ambalo kompyuta yake ilikuwa imekwisha kulichezea kabla yake.

Hili linastahili kukumbukwa katika ofisi ambako kompyuta ya kuidhinishia mamilioni ndiyo hiyo hiyo inayopokea flashi za kila mgeni, inayotumia programu isiyo na leseni na inayoachwa wazi wakati wa chakula cha mchana. Mara nyingi fedha za mradi wa mfumo hutumika kununulia mfumo, na mashine iliyo mezani kwa mhandisi haikumbukwi.

Vipimo vya uongo vilivyosainiwa vizuri

Kuna jambo ambalo hakuna hisabati inayoweza kulitengeneza. Mtaro ulioandikwa mita 400 ukiwa na mita 340, na hati yake ikasainiwa kwa ufunguo bora kuliko yote duniani, utabaki kuwa na mita 340. Saini ya kidijitali itahifadhi uongo huo bila doa na kuuthibitisha kwa miaka mingi. Faida yake pekee hapo ni kwamba aliyeuandika hawezi kuukana.

Picha za eneo la kazi zenye majira ya nukta na saa ya kupigwa husaidia, mradi zichukuliwe na kifaa ambacho mkandarasi hakukiandaa yeye. Husaidia zaidi ikiwa anayepima si yule anayeidhinisha, na mkaguzi wa ndani akienda mwenyewe na futi yake. Maabara ikituma matokeo ya zege moja kwa moja kwenye mfumo yakiwa na saini yake, badala ya kumkabidhi mkandarasi karatasi ailete, mwanya mmoja mkubwa huzibwa. Zaidi ya hapo, kazi inabaki kuwa ya wahandisi, madiwani na wananchi wanaoupita mtaro huo kila siku.

Miaka sita baadaye

Kwa Sheria ya Ukomo ya Tanzania, madai yatokanayo na mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita. Vyeti vya kidijitali kwa kawaida huishi muda mfupi kuliko huo. Hati iliyosainiwa kwa cheti kilichokwisha muda haigeuki kuwa batili, lakini ni lazima ionyeshwe kwamba ilisainiwa wakati cheti kikiwa hai. Kama tarehe imetoka kwenye saa ya kompyuta ya aliyesaini, ambayo yeyote anaweza kuirudisha nyuma, ushahidi huo ni mwembamba. Mifumo iliyojengwa vizuri huomba mhuri wa muda kutoka kwenye chombo huru na kuufunga pamoja na saini. Mhuri huo ndio pia unaoweza kummalizia mkandarasi ubishi wa zile siku 28.

Hisabati yenyewe nayo huzeeka. Februari 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha nyaraka mbili tofauti zenye mfululizo mmoja kwa kanuni ya SHA-1, iliyokuwa imetumika kwa miaka mingi. Mwaka huo huo Estonia, nchi inayotajwa kila mahali kwa serikali mtandao yake, iligundua udhaifu katika vifaa vya kadi za kitambulisho zipatazo 750,000 na ikalazimika kusitisha vyeti vyake Novemba hadi wenye kadi wavihuishe. Nyaraka zilizohifadhiwa hazina budi kuhuishwa kwa mihuri mipya ya muda kabla kanuni ya zamani haijafikia kuvunjika. Hiyo ni kazi ya mtunza kumbukumbu, naye apangiwe bajeti, isiwe mzigo wa fundi wa kompyuta anayeitwa mashine inapogoma.

Kadhalika mifumo hubadilishwa. TANePS ilidumu miaka michache tu kabla ya NeST. Mradi wa barabara ulioanza katika mfumo mmoja na kumalizika katika mwingine una kumbukumbu zilizogawanyika, na afisa masuuli anayeulizwa ndiye yule yule. Jambo la busara kabla mfumo wowote haujafungwa ni kuzitoa nyaraka katika umbo linalosomeka bila mfumo huo, zikiwa pamoja na saini, vyeti na mihuri ya muda, kisha kuhakiki chache kati yake kwenye kompyuta isiyohusika. Mahakama inapoupima uzito wa ushahidi wa aina hii hutazama jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na jinsi aliyeutoa alivyotambuliwa. Kwa hiyo mtu aliyesimamia mfumo hutakiwa aweze kuyaeleza hayo kwa kiapo au kwa mdomo. Kama hakuna anayekumbuka, kumbukumbu nzuri inaweza kukosa wa kuisemea.

Shuleni, mbali na mtandao

Mwaka 2021 Tanzania ilielekeza sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) katika ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000. Kwa utaratibu wa halmashauri kujenga kwa mafundi wake, unaojulikana kama force account, fedha hufika hadi kwenye akaunti ya shule na kazi husimamiwa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, ambazo wajumbe wake huwa pamoja na walimu na wakazi wa kijiji.

Huko ndiko kumbukumbu za kielektroniki hukutana na kalamu. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi husaini kwa mkono kwamba amepokea mifuko 300 ya saruji. Mwalimu mkuu huipiga picha hati hiyo kwa simu, husubiri mtandao, kisha huiingiza kwenye mfumo akiwa mjini Jumamosi. Saini ya kielektroniki iliyopo hapo ni ya mwalimu mkuu, na inathibitisha jambo moja tu: kwamba yeye ndiye aliyeiingiza picha, siku fulani. Haithibitishi kwamba mwenyekiti alisaini, wala kwamba mifuko ilikuwa 300.

Ofisi nyingine, zikishaona picha kwenye mfumo, huamini kwamba karatasi imekwisha kazi. Si hivyo. Katika mazingira hayo karatasi yenye wino ndiyo asili na picha ni nakala yake, na mkaguzi akitilia shaka ataitaka asili. Kwa hiyo hati hiyo inapaswa kupewa namba inayofanana na ya kwenye mfumo, kufungwa mahali ambapo mchwa na mvua havifiki, na kubaki kabatini hadi ukaguzi upite na miaka ya madai iishe.